Saa Kumi Kasorobo

Huku chini kwetu hakuna dirisha.
Kuna seva kumi na mbili, zinapumua kama ng'ombe zizini,
kuna kikombe cha kahawa kilichoota ukungu,
na ukutani tumebandika namba yetu ya fahari:
tisini na tisa nukta tisa nane.
Mwaka mzima mfumo ulisinzia dakika mia na tano tu.
Tulikata keki.
Hakuna aliyeshuka kuionja.

Juu, ghorofa ya nne, wana dirisha na ziwa lililoganda,
na bango la maneno manne:
Mkate ukitoka usirudi tena.
Bango limetundikwa ndani ya lifti.
Lifti haifiki kwetu.

Mwezi wa pili walituita.
Bwana Hjelt akasema: Mnatugharimu.
Tuovi Rantakokko, mkuu wetu, akamjibu kwa chati.
Yeye akasema seva, wao wakasema soko,
yeye usalama, wao faida,
kila neno likampisha mwenzake
kama watu wawili kwenye ujia mwembamba,
samahani, samahani, macho chini.
Bajeti ikakatwa. Tukarudi shimoni.

Usiku ule Tuovi hakwenda kwake.
Sijui ilikuwa hasira au nini.
Akavaa koti, akaniambia, Twende tukaone mkate.
Miaka tisa nimefanya kazi kiwanda cha mkate cha Lahti
na sikuwahi kuuona ukitoka.

Baridi ilitubana pua kama koleo.
Uani malori saba yalikuwa yakinguruma,
na Oiva Pesonen, dereva tangu nikiwa shule,
ameshika kipande cha boksi na penseli ya seremala:
Heinola, arobaini.
Orimattila, shule zimefungwa, kumi zatosha.
Kärkölä kuna mazishi, ongeza ishirini.

Tuovi akamuuliza: Kwani ripoti yetu huipati?
Ripoti gani?
Ya makadirio. Yenye grafu. Tuliijenga miezi kumi na minne.
Oiva akafikiri, kwa adabu.
Aa, ile ya saa mbili.
Nzuri sana. Karatasi yake inashika moto upesi.

Malori huondoka saa kumi.
Ripoti huamka saa mbili.

Na ile iliyorudi ilikuwa palepale, kwenye makreti.
Nikashika mmoja, mkavu kama kwato.
Nikahesabu hadi mia tatu, nikaacha.
Mashine haikulala, kweli.
Aliyelala ni nani?

Tukarudi chini, nikafungua msimbo
nimtafute huyo aliyepanga saa mbili.
Nikakuta jina langu.
Na maelezo, kwa mkono wangu mwenyewe:
*saa wakubwa wanapoketi na kahawa.*
Tuovi akasoma juu ya bega langu.
Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Kuibadilisha kulichukua dakika kumi na moja.
Hatukununua seva, hatukumwita mshauri wa tai nyekundu.
Lakini mashine haijui mazishi,
haijui shule iliyofungwa kwa mafua;
basi tukamwekea Oiva kisanduku kwenye skrini,
aandike sababu, kwa lugha yake, na makosa yake ya herufi.
Anaandika.
Penseli bado iko sikioni. Simlaumu.

Ile namba ya fahari Tuovi ameibandua.
Gundi imeacha alama nne.
Hapo katikati sasa tunaandika kwa chaki
mikate iliyorudi.
Jumatatu: mia tatu na kumi na mbili.
Jumatano: mia moja na tisini.
Bwana Hjelt alishuka siku hiyo, kwa ngazi,
akahema, akasoma, akauliza choo kiko wapi.
Ni mwanzo.

Ijumaa: mia mbili na arobaini.
Imepanda, na grafu haisemi kwa nini.
Nimeweka kengele ya simu.
Nitamuuliza Oiva
saa kumi kasorobo, kabla hajawasha lori.